Kozi ya wiki sita ya phrasal verbs kwa WhatsApp, uzoefu wangu

Habari zenu wadau, mi niko Mwanza hapa Kirumba, nipo ofisi inayosafirisha minofu ya sangara na kazi yangu kubwa ni kuandika imeili za Kiingereza kwa wateja wa nje. Grama niko vizuri, kilichokuwa kinaniangusha ni phrasal verbs, yani "put" unaijua, "off" unaijua, zikikaa pamoja zinakuwa kitu kingine kabisa.

Mwaka jana gari lilichelewa, ikabidi mzigo wa Jumanne uende Alhamisi, mi nikamuandikia mteja "the Tuesday shipment has been called off". Nilimaanisha umeahirishwa. Yeye akasoma umefutwa, na ndo maana yake kweli, jioni ileile akanunua kwa watu wengine na sisi tukabaki na samaki kwenye chumba cha baridi. Ilitakiwa "put off". Bosi hakunigombeza, alinyamaza tu, na ule ukimya uliniuma siku nyingi.

Ndo nikalipia elfu 40 kozi ya madam mmoja, grupu la WhatsApp, kila siku voisi noti tatu na sentensi kumi za kujaza.

Kilichonishika ni alivyoanza. Hakutupa listi, alianza na Kiswahili chetu, akasema sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, mgeni akitafuta kipigo kiko wapi hapo hakioni, na wewe ulivyokuwa mtoto nani alikupa listi ya "piga"? Ulizibeba nzima nzima na shughuli yake. Aisee hapo kichwa changu kilifunguka. Halafu akaonyesha kwamba sisi maana tunaigeuza kwenye mkia wa kitenzi, funga fungua, ziba zibua, vaa vua, Mwingereza yeye anaweka kineno pembeni au anabadili kitenzi kabisa, "put on" ni kuvaa, "take off" ni kuvua, na ndege ikipaa nayo ni "take off".

Kingine ni nafasi ya mtendwa. "Pick up the driver", yani kumpitia dereva, sawa, "pick the driver up" sawa, ila ukiweka kiwakilishi lazima kikae katikati, "pick him up", huwezi kusema "pick up him". Sasa "look after", yani kutunza, haikubali kuachanishwa, ni "look after him" basi, na hapo hakuna njia ya mkato, unaishika kila moja na tabia yake. Kupanda gari dogo ni "get in", lakini daladala, ndege na feri ya Kamanga ni "get on", kwa kawaida vile vyombo unavyoweza kusimama na kutembea ndani. Fomu unaijaza "fill in", tenki "fill up".

Mabaya yapo na nayasema. Voisi noti zingine dakika 12, bando linaisha na point ni moja. Mifano mingi ya theluji na treni za London wakati wanafunzi wote tuko kanda ya ziwa, mi nikaamua kujitungia daftari langu, "the boat set off from Ukerewe" (boti iliondoka Ukerewe), "we ran out of ice" (barafu ilituishia), na hizo ndo zilizokaa kichwani. Masahihisho unasubiri siku mbili. Na kubwa zaidi, hakugusa suala la wapi zinafaa mpaka tulipouliza wiki ya mwisho, wakati kwenye barua rasmi na mikataba ni salama zaidi kuandika "postponed" na "cancelled", zile za maneno mawili zinafaa zaidi kwenye simu na mazungumzo ya kawaida. Hilo lingetakiwa siku ya kwanza jamani, kuna watu wanaandikia wateja kila siku.

Kama Kiingereza ndo unaanza, subiri kwanza, itakuchanganya. Kama unakitumia kazini, hela yako haijapotea. Grupu jipya linaanza wiki ijayo, nimeshamlipia mdogo wangu anayepokea wageni lodge moja hapa mjini, maana "check in" na "check out" anazijua vizuri ila mgeni akimwambia "turn down the music" anazima mziki wote, na mgeni alitaka sauti ipungue tu.