Kompyuta ya Gemu kwa Bajeti Ndogo: Anza na Pawa Saplai

Nimepoteza madabodi (bodi kuu ya kompyuta) na prosesa (ubongo wake) kwa sababu ya pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa stima ndani ya kompyuta, ya shilingi 2,300. Jioni moja mvua ilianza kupiga mabati hapa Nyalenda, Kisumu, stima ikapotea, ikarudi baada ya dakika mbili. Nikasikia "pa!", halafu harufu ya plastiki inayoungua.

Tangu siku hiyo, jirani akiniuliza anunue kadi gani ya picha (ile inayochora gemu kwenye skrini), namuuliza kwanza: pawa saplai yako ina ampea ngapi kwenye volti 12? Karibu hakuna anayejua. Wote wamesoma ile "500W" kubwa iliyochapwa ubavuni.

Kigeuze kisanduku utafute jedwali dogo. Changu kilikuwa na ampea 15 kwenye safu ya +12V, yaani njia ya volti 12. Zidisha 12 kwa 15, ni wati 180. Prosesa na kadi ya picha hula karibu chakula chao chote kwenye safu hiyo. Prosesa yangu, Ryzen 5 5600, imepimiwa wati 65, na kadi yangu, Radeon RX 6600, wati 132. Jumla ni 197, na bado sijahesabu feni wala diski. Muuzaji alikuwa ameniambia, "Madam, hiyo mia tano itabeba kila kitu."

Fundi mmoja wa Kondele alikifungua nikiona. (Usifungue mwenyewe, kapasita hukaa na chaji hata baada ya kuchomoa waya.) Kilikuwa chepesi kuliko pakiti ya unga ya kilo mbili. Pale panapopaswa kuwa na koili ya kuchuja stima, walikuwa wamechomelea vipande viwili vya waya mtupu. Kile kifaa cha kukinga stima inapopanda ghafla hakikuwepo kabisa. Matundu yake mawili yalikuwa wazi kwenye bodi. Inaniuma mpaka leo, maana huku kwetu stima hupotea na kurudi kila mara radi zinapoanza.

Kwa saplai, namba moja kwangu ni Corsair CX550, na sifichi kwamba naipendelea. Waranti yake ni miaka 5, na kwenye jedwali safu ya volti 12 hubeba karibu wati zote 550. Ukikuta CX650 kwa nyongeza kidogo, chukua hiyo. Namba mbili ni Seasonic S12III. Seasonic ni kampuni ya Taiwan iliyoanza 1975 na kazi yake ni nzuri, ila kuipata Kisumu ni shida. Namba tatu, Cooler Master MWE Bronze. Zisizo na jina, pamoja na zile zinazouzwa zikiwa tayari ndani ya keisi, achana nazo. Na usiridhike na stika ya 80 Plus peke yake: hiyo hupima stima isiyopotea kama joto, haisemi kama saplai itakukinga.

Sehemu nyingine hazinisumbui sana. Madabodi ya aina ya B450 au B550, ramu (kumbukumbu ya muda) vijiti viwili vya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) yoyote yenye jina. Kama pesa ya kadi haijapatikana, nunua Ryzen 5 5600G, kwa sababu 5600 ya kawaida haitoi picha bila kadi. Na ukinunua kompyuta ya ofisi iliyotumika, angalia plagi ya saplai yake kwanza. Nyingi zina plagi za kwao, saplai ya kawaida haichomeki moja kwa moja.

Sasa bei. Hapa mjini nilitajiwa CX550 kwa shilingi 2,500 zaidi ya niliyoulizia Luthuli Avenue, Nairobi, na parseli ya matatu kutoka huko ilinigharimu 300 tu. Nani anakula hiyo nyingine?

Nilimrudia yule aliyeniuzia. Akanionyesha maandishi ya chini ya risiti: bidhaa zikiuzwa hazirudishwi. Nikamtajia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, akasema nilaumu stima. Nikamwomba anigeuzie zilizobaki kwenye rafu. Tatu za kwanza zote zilikuwa ampea 15. Hakugeuza ya nne. Alizirudisha zote rafuni, upande wa jedwali ukiangalia ukuta.