Kifurushi cha ORS na zinki: dawa safi, maelekezo haba

Kifurushi hiki cha maduka ya dawa ya Mombasa kina paketi 4 za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, wa kumnywesha anayeharisha) na vidonge 10 vya zinki vya miligramu 20. Kwa ORS tuwashukuru watu kama Daktari Dilip Mahalanabis, aliyeutoa utafiti maabara akaupeleka kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, mwaka 1971. Vifo vya kuhara kambini humo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4.

Dawa yenyewe haina lawama. Shida ni kuichanganya. Paketi ya nusu lita humiminwa yote katika maji ya mililita 500, chupa ndogo ya dukani kamili. Ukiigawa kwa gilasi, unabahatisha chumvi. (Zipo pia za lita 1, soma kwanza.) Maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi tayari, na kuchemsha hakuiondoi, kwa hivyo yaache. Saa 24 zikipita tangu uchanganye, mwaga ORS iliyobaki. Mtoto akitapika, ngoja dakika 10, kisha umnyweshe kijiko kijiko.

Zinki ndiyo hupuuzwa: kuhara kukikoma tu, vidonge vinatupwa kabatini. Mtoto amalize siku 10, kidonge kimoja kwa siku. Aliye chini ya miezi 6, nusu. Huyeyuka kwenye kijiko cha maji au maziwa ya mama. Muuzaji ayaseme haya kabla ya kupokea pesa. Ukiona damu chooni au macho yamedidimia, mpeleke hospitali mara moja.