Vyombo vya getini Arusha: wapi wazoaji wanasaidia, wapi wanaharibu

Feni iliyowekwa nje ya geti Njiro alfajiri, inayounguruma bila kuzunguka, ina bei mbili. Kwa fundi ni feni inayodai kapasita moja ndogo, kile kifaa kinachoisaidia mota ianze kuzunguka. Kwa mwenye mzani, mnunuzi wa skrepa, ni kilo chache za chuma na kopa kidogo. Katikati yupo mzoaji, kijana mwenye guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na kisu chake ndicho kinachoamua feni itaishi au itakufa. Akikata waya, basi, imekwenda kwenye skrepa. Huduma yenyewe ya kuzoa vyombo vilivyotolewa getini ni nzuri na mji unaihitaji, lakini vyombo vingi haviharibikii nyumbani kwa mwenyewe. Vinaharibikia njiani, baina ya geti na mzani.

Mali hiyo Arusha ipo kwa sababu huu ni mji wa watu wanaokuja na kuondoka. Kuna makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kuna kampuni za utalii, na kwa miaka ilikuwepo mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015. Mkataba ukiisha, nyumba inafungwa. Vizuri vinauzwa, vingine anaachiwa mlinzi au dada wa kazi, na vilivyobaki vinasogezwa getini vingoje gari la taka. Wenye guta na mikokoteni hupita kabla ya gari, na kisichochukuliwa kinaishia dampo la Muriet. Kilichochukuliwa hufika kwa wenye mizani na mafundi wa Unga Limited, Mbauda na pande za Kilombero.

Kwa uhai wa mtaa, wazoaji hawa wanastahili alama za juu. Wanabeba kabati lisilobebeka, wanafika mapema, na hawachagui uzito. Kasoro iko kwenye namna wanavyopanga bei. Kopa ina bei kubwa kuliko chuma, kwa hiyo waya wa umeme hukatwa papo hapo, unachomwa ili plastiki iondoke, kisha unapimwa peke yake. Hasara hapo ni mara tatu. Chombo kinabaki bila waya, kwa hiyo mnunuzi hawezi kukijaribu na bei yake inaporomoka. Kopa iliyoungua inakuwa nyeusi na kukatikakatika, na wanunuzi huishusha daraja mbele ya kopa safi iliyomenywa kwa kisu. Na moshi wa plastiki ya waya ni sumu kwa anayechoma na kwa watoto wa jirani. Ukitaka chombo, wahi kabla ya kisu. Neno moja linatosha: "Kaka, usikate waya, nakichukua kizima." Mara nyingi atakubali, maana kipande kizima kinamlipa zaidi ya kilo.

Feni ndiyo biashara bora kuliko zote getini. Kwanza izungushe kwa kidole ikiwa haina umeme. Ikizunguka laini, mota ina beringi au bushi nzima. Ichomeke. Ikiunguruma na kusimama, kisha ukiisukuma kwa kijiti inaanza kuzunguka, kapasita imechoka. Soma maandishi ya ile ya zamani na ununue yenye namba ileile: feni za mezani na za kusimama nyingi hutumia kati ya maikrofaradi 1 na 2, za darini mara nyingi 2.5, na volti zisipungue 400. Usiweke kubwa zaidi ukidhani feni itapata nguvu, kwa kuwa inachemsha mota. Ikiwa kidole kinakwama, kuna vumbi na nywele kwenye shafti pamoja na mafuta yaliyoganda. Fungua, futa, weka matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia hapana: baada ya wiki chache yanageuka gundi na feni inarudi palepale. Wengi huvunja panga la feni wakati wa kulifungua, kwa sababu kifuniko chake kwenye feni za kusimama kina uzi wa kinyume. Kinalegea ukizungusha kuelekea upande wa mishale ya saa. Nati ya wavu iliyo nyuma yake inafunguka kama kawaida. Feni iliyo kimya kabisa, isiyounguruma hata kidogo wakati waya na swichi ni vizima, huenda fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili imekatika. Inatengenezeka, lakini ni kazi ya fundi wa kusuka mota, kwa hiyo usilipe zaidi ya bei ya skrepa.

Pasi na birika la umeme zinapimwa kwa mita ya fundi wa umeme kabla ya kuchomekwa popote. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, gusa pini mbili za chini za plagi, swichi ikiwa imewashwa. Pasi ya wati 1,000 isome karibu omu 53, birika la wati 2,000 karibu 26. Mita isiposoma chochote, kuna mkatiko. Kwa pasi, anza kutazama shingoni, pale waya unapoingia kwenye mpini, kwa sababu hapo hukunjwa kila siku. Kata sentimeta 10, menya upya, funga tena kwa kufuata rangi. Halafu gusa pini ndefu ya juu na bati la pasi: hapo lazima mita ionyeshe njia ya umeme, ndiyo ulinzi wako. Mwisho gusa kila pini ya chini, moja moja, na bati. Hapo mita isisome kitu. Ikisoma, elementi, yaani waya wa ndani unaopasha moto, inavujisha umeme kwenye bati na pasi hiyo haifai hata ya bure.

Fungua na plagi. Kwenye vyombo vya getini fyuzi ya asili mara nyingi imeshaondolewa na mahali pake pana kipande cha waya au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Hilo ndilo kosa linalochoma nyumba, kwa sababu waya utaungua kabla ya fyuzi hiyo bandia. Birika na pasi, fyuzi ya ampia 13. Feni, redio na taa, ampia 3 inatosha.

Vyombo vya waliotoka Marekani vinavutia kwa macho, vizito na vinang'aa. Pindua usome kibati. Kikisomeka 120V 60Hz, jua kwamba soketi zetu zina volti 230. Elementi yake ikichomekwa hapa inavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile iliyopangiwa, na inakufa kwa sekunde chache, wakati mwingine na moshi. Transfoma ya kushusha umeme kwa kitu cha wati 1,000 ni nzito na ghali kuliko chombo chenyewe. Chaja na adapta zilizoandikwa 100–240V hazina shida hiyo, badilisha plagi tu. Wauzaji wengi hawasomi kibati hiki, na si kwa ubaya. Hawakijui. Mwonyeshe, atamwokoa mteja wa kesho.

Friji tuseme wazi: getini, nne kati ya tano ziache. Chungulia kwanza sehemu ya barafu. Ukiona mkwaruzo wa kisu, mtu alikuwa anachokoa barafu, akatoboa bomba, gesi ikatoka. Tundu la namna hiyo linazibwa, lakini unyevu ulioingia ndani ya mfumo unarudisha ugonjwa baada ya miezi. Kama haina mkwaruzo na kompresa inawaka, jaribu raba ya mlango: funga noti ya shilingi katikati ya mlango na mwili, ivute. Ikitoka bila kushika, osha raba kwa maji ya moto na sabuni. Ikiwa imepasuka, ongeza gharama ya mpya. Friji iliyosafirishwa imelazwa kwenye guta isiwashwe siku hiyo. Isimamishe, iache mpaka kesho yake, ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Fundi akija kujaza gesi, asome kwanza karatasi ya kompresa. Gesi iitwayo R600a inashika moto, hivyo hakuna kuwasha tochi ya kuchomelea kabla gesi hiyo haijatolewa yote nje penye upepo, na hupimwa kwa mzani wa gramu, maana friji ndogo huchukua gramu chache tu, mara nyingi chini ya 70. Anayejaza kwa kukisia anaua kompresa. Hata friji iliyokufa mwili wake una faida: ni sanduku lenye ukuta unaohifadhi joto, na wafugaji wa kuku hulifanya kitotoleshi, balbu na kidhibiti joto vikiwekwa kwenye nyuzi 37.5 hivi.

TV za kichogo, usifungue. Ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa plagi, na kioo chake kina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Maikrowevu vivyo hivyo: kapasita yake imeua watu waliojua kutengeneza redio. Hivi viende vizima kwa mtu mwenye kazi hiyo.

Jiko la gesi ni zuri kununua ikiwa vichomeo havijaliwa na kutu. Moto wa njano unaopaka masizi maana yake njia ya hewa au tundu la nozeli, kile kipua kinachotoa gesi, limeziba. Lisafishe kwa unyoya wa brashi ya nailoni, usichokonoe kwa msumari, kwa kuwa tundu likipanuka moto hautarudi kuwa bluu. Jiko lililoletwa kutoka Ulaya huenda lilipangiwa gesi ya mabomba ya mjini na nozeli zake ni kubwa mno kwa gesi yetu ya mitungi, lazima zibadilishwe. Mpira na regyuleta nunua vipya, bila mjadala. Kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote na utazame mapovu. Mtungi wenyewe usinunue kwenye skrepa.

Fenicha ndiko wazoaji wa Arusha wanakofanya kazi nzuri kabisa, na ndiko mnunuzi anakopotea kwa haraka. Kiti cha mninga chenye miguu inayocheza ni cha thamani kuliko kabati zima la mbao za unga, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, lililong'arishwa kwa karatasi. Pindua utazame chini ambako hapajapakwa vanishi: mninga una rangi ya kahawia ya dhahabu yenye michirizi, mzito mkononi, saipresi ni nyepesi, ya njano iliyopauka, na ukikwaruza inanukia. Mbao za unga zinaonyesha punje kwenye ukingo, na zikinyeshewa wakati wa masika, Machi hadi Mei, huvimba kama mkate na skrubu hazishiki tena. Hakuna dawa yake.

Vitundu vya milimita moja au mbili ni vya bungua. Gonga kiti sakafuni juu ya karatasi nyeupe. Unga mpya ukidondoka, wadudu wangali kazini. Dawa ya mbao ipulizwe kwa bomba la sindano kitundu kwa kitundu, kisha kiti kifungwe kwenye nailoni kwa wiki mbili, mbali na fenicha nyingine.

Kiti kinachocheza hakihitaji msumari. Msumari unapasua ulimi wa mbao, ile ncha inayoingia tunduni kwenye kiungo, na kiti kilichopigiliwa mara tatu hakirudi tena. Fungua kiungo taratibu kwa nyundo ya mpira, kwangua gundi ya zamani yote mpaka mbao ionekane, kwa sababu gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Paka gundi ya mbao ulimini na tunduni, unganisha, kisha zungushia tyubu ya baiskeli iliyokatwa kuwa ukanda, ukivuta kwa nguvu kila mzunguko. Tyubu inabana kuliko kamba kwa kuwa haiachi kuvuta. Iache saa 24. Ulimi ukiwa umelegea sana, ubandike kipande chembamba cha mbao upande mmoja kwanza. Gundi peke yake haizibi nafasi.

Magodoro, hapana. Makochi, tochi kwanza: fuata mishono na chini ya kitambaa cha nyuma. Vidoa vyeusi kama wino wa kalamu ni dalili ya kunguni, na kuanika juani Arusha hakuwaui, wanahamia upande wa kivuli. Fremu ya kochi la mbao ngumu ichukuliwe, sponji na kitambaa vibaki.

Kuhusu uaminifu, wengi wa vijana hawa ni watu wa kweli, lakini vitu vya wizi hupita kwenye guta zilezile. Kwa kitu chochote kikubwa, omba karatasi ya mauziano yenye jina na namba ya simu ya muuzaji, tarehe na alama za chombo, na ikibidi mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Muuzaji anayekataa kuandika, mwache na mali yake. Kupokea mali ya wizi huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi ni kosa la jinai hata kama ulilipa.

Na mwenye nyumba anayetoa, kazi yake ni ndogo na ndiyo inayookoa vyombo vingi. Kunja waya, ufunge kwenye chombo kwa kamba. Rimoti na skrubu zitie kwenye mfuko, uubandike kwa utepe wa gundi. Weka juu ya matofali, si kwenye majani, na ufunike wakati wa mvua. Kisha andika kwa kalamu nene ugonjwa wake, mfano: "Feni. Inaunguruma, haizunguki. Usikate waya."