Laptopu za ex-UK na UPS ndogo ya ruta: uzoefu wangu wa kuwaandaa wafanyakazi wa chuo kufanyia kazi nyumbani

Mimi ndiye fundi wa kompyuta na mitandao katika chuo kimoja kidogo cha katikati ya jiji la Nairobi. Julai 7, 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba, polisi walifunga barabara za kuingia mjini. Karani wetu wa mitihani alikuwa amekwama Githurai, alama za wanafunzi zilikuwa kwenye kompyuta ya mezani ofisini, na simu za kuulizia matokeo zilikuwa hazikatiki. Wiki iyo hiyo wakuu wakaniita: tafuta namna watu wafanye kazi wakiwa nyumbani, lakini bajeti ni ya vitu vilivyotumika. Nikanunua laptopu za ThinkPad T480 za ex-UK, yaani zilizotumika kwanza Uingereza, UPS ndogo za ruta (betri za akiba za kuilisha stima ikipotea) na vipokea sauti vya waya. Tumevitumia muda wa kutosha sasa kuvitolea maoni.

Kwenye maduka ya Luthuli na Moi Avenue hukosi laptopu, tabu ni kuchagua. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, ukiacha chache mno. Ndiyo maana utaonyeshwa T470 kwa bei tamu. Ukiitazama kwa nje huoni tofauti kubwa na T480, lakini ndani ni kizazi cha sita au cha saba. Kibandiko cha "i5" kisikutie moyo. Soma tarakimu zinazofuata, ya kwanza ndiyo kizazi. Ikiwa i5-8250U au i5-8350U, endelea na mazungumzo.

T480 niliipendea betri. Ina mbili, moja ndani na nyingine ya kuchomoa kwa chini, na hiyo ya nje unaibadilisha mashine ikiwa inawaka. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo aliyesahau chaja huazima ya mwenzake. Ina tundu la kebo ya mtandao pia, jambo ambalo laptopu nyingi nyembamba za siku hizi zimeliacha. Kamera ni 720p. Keti ukielekea dirisha, usiketi ukilipa mgongo. Tulilipa takriban elfu thelathini kila moja, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256.

Lakini betri ya ex-UK ni bahati nasibu usipoipima. Fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha linganisha uwezo iliotengenezewa na uwezo iliobaki nao. Yoyote iliyoshuka chini ya asilimia 70 niliirudisha kaunta. Muuzaji hakufurahi. "Mkubwa, betri huwa haina waranti popote hapa mjini." Nikamwambia ndiyo sababu naipima kabla ya kulipa.

Kisa kingine kilitokea palepale dukani. Laptopu moja safi kabisa, haina hata mkwaruzo, niliomba iwashwe upya kama inatoka kiwandani, nikaiunganisha na Wi-Fi ya simu yangu. Badala ya kuniuliza jina, ikanikaribisha kwenye kampuni moja ya Uingereza na kudai baruapepe yangu ya kazini. Yule kijana akasema atanipigia Windows mpya, dakika ishirini tu. Haisaidii. Mashine kama hiyo bado imesajiliwa kwa namba yake kwenye akaunti ya mwenyewe wa zamani, na ni yeye tu anayeweza kuiachilia; ukiweka Windows mara mia, siku itakapoanza upya ikiwa na intaneti itamkumbuka bwana wake. Kusema haki, alinibadilishia bila maneno mengi. Bonyeza F1 pia inapowaka uone kama BIOS, ile programu ya chini inayoiamsha mashine kabla ya Windows, inadai nywila usiyopewa. Na uliza risiti ya eTIMS, ile ya kodi ya KRA, mapema, kwa sababu bei ya mdomo hupanda ghafla ukitaja risiti, na mhasibu wetu hapokei karatasi nyingine.

Kifaa kilichonishangaza ni UPS ndogo ya ruta, ya elfu nne na mia tano hivi. Stima ikipotea, laptopu inaendelea lakini ruta inazima papo hapo, na mkutano umeisha. Kisanduku hiki kinakaa kati ya soketi na ruta, na ruta haitambui hata kwamba stima imekwenda. Soma kwanza chini ya ruta kama inataka volti 12 au 9. Halafu usidanganywe na maandishi makubwa ya 8800mAh: yanahesabiwa kwa volti 3.7, kwa hiyo ni kama Wh 32 (wati mara saa). Ruta inayokula wati 8 ingekaa saa nne kwa hesabu ya karatasi. Sisi tunapata karibu tatu, maana umeme mwingine unapotea katika kupandisha volti. Zinatosha kumaliza mishahara.

Kwa mhasibu wetu wa Umoja ilionekana haifanyi kazi. Kumbe kwake kuna visanduku viwili, cha faiba ukutani na ruta kando yake, na UPS ilikuwa inalisha kimoja. Tukampa kebo yenye ncha mbili, tatizo likaisha, ingawa muda nao ulipungua karibu nusu. Mtaa mzima ukikosa stima na mitambo ya kampuni ya intaneti ikazima pia, UPS haina la kukufanyia. Hapo ni bando la simu.

Vipokea sauti: nunua vya USB vyenye kinasa sauti kinachofika mdomoni. Jirani wa Zimmerman anayechomelea mageti hatanyamaza kwa ajili ya kikao cha bodi ya mitihani.

Rekodi za wanafunzi zinapolala sebuleni kwa mtu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaenda nazo. Kwa hiyo kila diski tumeifunga kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, ambayo kwa ukamilifu wake inataka Windows Pro, na mfumo wa alama unafikiwa kwa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa chuo) na msimbo wa simu. Mwalimu mmoja wa siku nyingi aliguna. "Kijana wangu, nimefundisha miaka yote hii, sasa mashine inaniuliza mimi ni nani?" Nikamwambia, "Mwalimu, inauliza kila mtu, hata mkuu wa chuo." Akaingiza tarakimu zake.

Wengine wameanza kuomba RAM ya GB 16. Watangoja: T480 ina nafasi mbili za RAM, kuongeza ni kazi ya bisibisi. Fedha zinazofuata ni za UPS kwa walio Rongai na Ruiru, ambao tuliwaruka awamu ya kwanza, na betri chache za nje za akiba.