Seva ya ofisi ndogo Uganda: ipi ya kulipia kwanza, ipi ya mwisho

Mwongozo huu ni wa SACCO, shule, zahanati au kampuni ya watu 10 hadi 40 ambayo seva yake imechoka na sasa inabidi kuamua: kununua nyingine au kuhamia wingu, yaani seva za kukodi zinazofikiwa kwa intaneti. Tumepanga kwa kuangalia gharama na swali moja: siku intaneti ikikatika, kazi gani itaendelea?

Nafasi ya kwanza ni seva pepe (sehemu ya seva kubwa inayofanya kazi kama seva kamili) ya kukodi katika kituo cha data cha hapa nchini, pamoja na NAS (kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa ofisi) ya diski 2 ofisini kwa mafaili ya kila siku. Programu ya mahesabu ya watu 15 inatosheka na CPU 2, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 80. Kutoka ofisi ya Kampala hadi Namanve, ambako kampuni ya Raxio ilifungua kituo mwaka 2021, data inaweza kupita UIXP, yaani makutano ya mitandao ya intaneti ya Uganda, bila kuvuka mpaka. Inaweza, lakini si lazima. Kabla ya kusaini, omba anwani ya majaribio, kisha andika tracert (amri inayoonyesha njia inayopitwa na data) na anwani hiyo kwenye Command Prompt ya kompyuta ya Windows ofisini. Ukiona data inazungukia London au Marseille ndipo irudi Kampala, unalipia ukaribu usioupata.

Ya pili: wingu la Afrika Kusini, yaani Amazon ya Cape Town au Microsoft na Google za Johannesburg. Seva inaongezwa nguvu kwa dakika chache, na tunaipenda zaidi kwa nakala za akiba. Ila Uganda haina pwani. Data husafiri nchi kavu hadi baharini, kisha ndani ya nyaya. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora. Bili ni ya dola, na kutoa data hutozwa kwa gigabaiti. Ukifuta seva, hakikisha diski yake nayo imefutwa, la sivyo itaendelea kutozwa kimyakimya. Piga hesabu ya kuhama pia: TB 1 kwa kasi ya kupakia ya Mbps 20 huchukua zaidi ya siku 4 na nusu, usiku na mchana.

Ya tatu ni seva pepe ya Ulaya. Ni rahisi kwa bei na inafaa tovuti. Isiwekewe hifadhidata inayofunguliwa moja kwa moja kutoka ofisini: ukurasa unaouliza maswali 200, kila moja likichukua milisekunde 150, utafunguka baada ya sekunde 30.

Seva ya kununua tunaiweka mwisho kwa sababu ya gharama zake, ingawa huendelea na kazi intaneti ikikatika. Ya wati 200 hula yuniti 4.8 kwa siku kabla ya kiyoyozi, na betri za UPS huchoka mapema chumba kikiwa na joto. Inunue kama unashughulikia video au picha za eksirei.

Ukihifadhi taarifa za watu nje ya nchi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka huko kuwe na ulinzi wa kutosha, au wenye taarifa hizo wakubali. Usizime seva ya zamani mpaka umerejesha hifadhidata nzima kutoka kwenye nakala, na mhasibu amelinganisha salio la mwisho.