Begi la kulalia la manyoya kutoka Memorial, baada ya safari 14

Mimi ni mgumu, ndivyo tunavyoitwa wapagazi, nabeba mizigo Kilimanjaro, mara nyingi njia ya Machame. Begi hili la kulalia nimepanda nalo safari 14, kwa hiyo ninachokisema nimekilalia. Nililinunua mtumba soko la Memorial, Moshi, kwa shilingi 90,000. Jina la kiwanda limefutika. Kwenye kibandiko cha ndani yanasomeka mambo mawili tu: manyoya ya bata, na nyuzi joto hasi 7.

Muuzaji alikuwa amelikaza ndani ya kimfuko chake hadi likawa gumu kama mpira wa miguu. Nikamwomba alitoe. "Dada, ukilifungua lazima ununue," akaniambia. Nikasimama palepale mpaka akalitoa. Mwanzoni lilikaa mezani bapa kabisa, kama kanga imetandikwa. Nikasubiri. Kidogo kidogo likaanza kuvimba, mstari mmoja mmoja wa mshono, na baada ya kama dakika kumi lilikuwa limenyanyuka kufikia urefu wa kiganja changu nilichokisimamisha pembeni. Nikalikandamiza kwa mikono miwili, likarudi juu. Nikaliinua kwenye mwanga kutafuta mahali palipobaki kitambaa kitupu, nikaona sehemu mbili ndogo upande wa miguuni. Nikanusa, hakuna uvundo. Hapo ndipo tulipoanza kupatana bei.

Kwa joto sina lawama nalo. Kambi ya Barafu iko mita 4,673. Asubuhi chupa niliyoisahau nje ya hema ilikuwa barafu tupu, na mimi nililala mpaka kunakucha. Ila chini nilikuwa na godoro. Manyoya yaliyobanwa chini ya mgongo hayakusaidii kitu, na ile namba ya kibandiko haimhusu mtu aliyelala juu ya ardhi tupu. Na jamani, msifunike uso ndani ya begi. Pumzi inalowesha manyoya, kesho yake mnalalamika begi limepoa. Vaa kofia, uso uache nje.

Udhaifu wake mkubwa ni maji. Safari ya tatu nililiweka begani bila kulifunga vizuri, mvua ikatupiga msituni tangu getini hadi kambi ya kwanza. Manyoya yakashikana vinundu kama uji ulioganda, katikati ya vinundu pamebaki kitambaa tu. Usiku ule nilivaa kila nguo niliyokuwa nayo na bado meno yaligongana. Siku hizi linakaa kwenye mfuko wa mpira, mdomo naukunja mara tatu ndipo naufunga, halafu linaingia chini kabisa ya begi la mgongoni. Kama huna mfuko wa namna hiyo, nakushauri kwa moyo wote ununue begi la nyuzi za kiwandani. Ni zito zaidi, lakini likilowa bado linakupa joto kiasi.

Kulipaki, silikunji wala silivingirishi. Nalishindilia kuanzia miguuni, konzi kwa konzi, ili lisivunjikie mstari uleule kila siku. Zipu naiacha wazi kidogo upande wa kichwani hewa itoke. Tukifika kambini, kabla hata ya chai, nalitoa nalikung'uta lipate muda wa kuvimba.

Nyumbani halikai kwenye kimfuko. Hilo nilijifunza kwa hasara. Begi langu la kwanza, la nyuzi, nililiacha limekazwa juu ya kabati masika nzima, Aprili na Mei. Nilipolitoa lilikuwa jembamba kama shuka na halikuvimba tena. Hili la sasa nimelishonea mfuko mpana wa shuka kuukuu, linaning'inia kwenye msumari chumbani.

Kufua ni mara moja kwa mwaka, Januari, jua likiwepo. Beseni kubwa, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo ya maji isiyo kali, na dawa ya kulainisha nguo isikaribie kabisa. Nasuuza mpaka povu liishe. Sikamui. Likilowa ni zito mno, ukilinyanyua kwa ncha moja vitambaa vya ndani vinavyotenganisha manyoya vinachanika, kwa hiyo nalibeba kwa mikono yote miwili kama mtoto aliyelala. Nalianika kwenye mkeka chini ya mgomba, maana jua kali linachakaza nailoni. Siku tatu nzima nalipitia kwa vidole, navunja vinundu kimoja kimoja.

Zipu ndiyo inayoniudhi. Inauma kitambaa karibu na goti, na tayari pameshatoboka tundu la ukubwa wa punje ya mchele. Fundi wa mtaani kwetu amelibandika kiraka, manyoya yameacha kutoka. Kwa bei ile ningelinunua tena, lakini zipu ningeipandisha na kuishusha mara kumi pale pale mezani kabla ya kutoa hela.