Miezi mitano na kitabu cha mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza kwa wanafunzi wa Kichina: uzoefu wangu

Naishi Yiwu, mkoa wa Zhejiang, China, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni kununua na kukusanya mizigo ya wafanyabiashara wa Kariakoo, kuipakia kwenye kontena na kuhakikisha inawahi meli bandari ya Ningbo. Sijasomea ualimu. Ila kuna mama mmoja ninayenunua kwake vibanio vya nywele katika soko la Futian, ana binti aliyekuwa anaingia mwaka wa mwisho wa sekondari. Mwezi wa nane mwaka jana nilipokwenda kuhesabu katoni zangu, akavuta droo akatoa kitabu kipya, bado kiko ndani ya nailoni. Akaniomba nikae na mtoto wake kila Jumapili mchana tukifanye pamoja, maana mimi nimesoma sekondari kwa Kiingereza. Hakukuwa na malipo na sikuyataka. Nilikuwa napikiwa chakula, na binti akawa ananiita Ayi, kama kwetu mtoto anavyomwita mtu shangazi au mama mdogo.

Nasema haya mapema ili msomaji ajue ninakipima kitabu hiki nikiwa nani: mtu aliyekaa nacho mezani, Jumapili baada ya Jumapili, pamoja na mtoto mwenye mtihani mbele yake.

Kwanza mtihani wenyewe, kwa sababu bila kuujua huwezi kukielewa kitabu. Gaokao, yaani mtihani wa kuingia chuo kikuu huku, upande wa Kiingereza ina alama 150 na muda wa dakika 120. Ufahamu una vifungu vinne vya habari, A mpaka D, maswali 15 ya kuchagua jibu, kila swali alama 2.5. Kisha linafuata zoezi wanaloliita "saba chagua tano": kifungu chenye mapengo matano na sentensi saba za kuyajazia, mbili kati ya hizo hazina mahali. Ukijumlisha hizo sehemu mbili unapata alama 50, theluthi nzima ya mtihani. Zhejiang ni kati ya sehemu chache ambako Kiingereza kinafanywa mara mbili, hapa Januari na Juni, na mwanafunzi anachukua alama ya juu kati ya hizo mbili. Kwa hiyo shabaha yetu ilikuwa Januari.

Kitabu kiligharimu yuan 45. Ndani yake kuna wiki ishirini, kila wiki siku tano, kila siku vifungu viwili. Ukurasa wa kushoto habari, wa kulia maswali. Juu kabisa kuna kisanduku cha kuandika dakika ulizotumia, na kila kifungu kimeandikwa mwishoni kina maneno mangapi. Maneno yaliyo nje ya muhtasari wa sekondari yametafsiriwa kwa Kichina chini ya ukurasa. Majibu yako kwenye kijitabu chake cha pembeni, na hapo ndipo palipo na kazi kubwa ya waandishi: kila swali limepewa aina yake, la kutafuta taarifa, la kukisia maana ya neno, la kufikia hitimisho, au la wazo kuu, kisha maelezo ya kwa nini jibu ni hilo na kwa nini mengine matatu siyo.

Maelezo hayo ya majibu mabaya ndiyo nguvu ya kitabu hiki, na kwa hayo pekee ningekinunua tena. Mitego ya watunga maswali imepewa majina ambayo mtoto wa Kichina anayajua toka utotoni. Kuna "kuumba pasipo na kitu", yaani jibu lenye jambo ambalo habari haikulisema kabisa. Kuna "kofia ya Zhang kuvikwa Li", methali yao ya siku zote, ambapo jambo alilofanya mtu wa kwanza katika habari linapachikwa kwa mtu wa pili. Kuna kuchukua sehemu na kuifanya kuwa yote. Binti alikuwa akikosea, anafungua kijitabu, anaona "kofia ya Zhang", anapiga paji la uso kwa kiganja. Lile jina lilimkaa. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa anaandika mwenyewe kwa penseli, pembeni ya kila jibu analolikataa, ni mtego gani. Mimi katika shule yangu ya Tanga sikuwahi kuonyeshwa kosa langu ni la aina gani. Niliwekewa mkasi na maisha yakaendelea.

Lakini kitabu kina upungufu mmoja mkubwa, na ndio ulionifanya niandike haya. Kinamfundisha mwanafunzi kutafuta jibu kabla hajasoma.

Mwongozo wa ukurasa wa kwanza unasema: soma swali, chagua neno la msingi, rudi kwenye habari, litafute. Kwa kifungu A ushauri huo ni mzuri, kwa sababu A mara nyingi ni tangazo: ratiba ya makumbusho, bei za tiketi, masharti ya kambi ya watoto. Hakuna sababu ya kusoma ratiba nzima kama barua ya mchumba. Ukifika C na D, ambako kuna utafiti, hoja na mtu anayepingana na mwingine, njia hiyo inamzamisha mtoto. Anaona neno la swali liko mstari wa nane, anaona neno hilohilo kwenye jibu B, anachagua B. Na B mara nyingi ndiyo mtego. Jibu sahihi huwa limegeuzwa kwa maneno mengine kabisa.

Jumapili ya tatu nikaamua kufunga maswali. Nikafunika ukurasa wa kulia kwa daftari, nikamwambia asome kifungu kwa sauti, kisha anieleze kwa Kichina kinasema nini. Alikisoma vizuri sana, matamshi yake safi kuliko yangu. Kueleza akashindwa. Maneno aliyajua, karibu yote, maana alikuwa na programu ya simu ya kukariri maneno na kila usiku alikuwa anayapiga hamsini. Sentensi ndiyo iliyokuwa inamponyoka.

Sentensi yenyewe, nikiigeuza kwa Kiswahili, ilikwenda hivi: mwanasayansi aliyeongoza utafiti uliofanywa katika chuo kilichoko pwani alisema hakutarajia matokeo hayo. Nikamuuliza nani hakutarajia. Akajibu: chuo. Nikauliza tena. Akajibu: utafiti.

Hapo nikaanza kufikiria Kichina ninachokisema kila siku sokoni. Mchina haanzi na kitu kisha akakieleza. Anaanza na maelezo, kitu kinakuja mwisho. Sisi tunasema "kitabu nilichonunua jana". Yeye anasema, ukimfuata neno kwa neno, "mimi jana nunua", anaweka kineno "de", ndipo anataja kitabu. Maelezo yote, hata yawe marefu kama treni, yanatangulia. Kiingereza kinafanya kama Kiswahili: kitu kwanza, kisha "ambacho" na mkia wake wote. Mtoto anayesoma Kiingereza kwa mazoea ya Kichina anapofika mwisho wa mkia anadhani kitu cha mwisho kilichotajwa ndicho chenye sentensi. Kwa hiyo chuo kikawa ndicho kisichotarajia matokeo.

Sikuwahi kufikiri kwamba o-rejeshi niliyofundishwa darasani Tanga ingenifaa kwenye meza ya chakula Yiwu. Nilimwandikia "mtoto aliyelia", "kikombe kilichovunjika", nikamwonyesha kile kipande cha katikati kinachoshikilia jina lililotangulia. Akaelewa papo hapo kwamba kuna lugha nyingine duniani zinazokwenda mwendo huo. Toka siku hiyo tukawa na kazi moja tu kabla ya swali lolote: kila sentensi ndefu anaweka mabano ya penseli kuzunguka mkia, anaacha nje mtenda na kitenzi, anasoma kilichobaki nje ya mabano. Mwanasayansi alisema. Basi. Mkia anaurudia baadaye.

Kitabu kinachotangaza jaladani kwamba kimetungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kichina kilitakiwa kifundishe hili ukurasa wa kwanza. Kina sentensi ndefu moja iliyochambuliwa kwa kila kifungu, chini kabisa, kwa herufi ndogo, na uchambuzi wenyewe ni majina ya sarufi tu: hiki ni kishazi fulani, hiki ni kiima. Binti alikuwa ameyakariri majina hayo yote na bado aliniambia chuo ndicho ambacho hakikutarajia.

Jambo la pili ni maneno yenye sura mbili. Kulikuwa na kifungu kuhusu mji uliokuwa unasafisha mto wake, na viongozi wakasemwa kwamba wanataka "address" tatizo la taka. Binti alikuwa anajua "address" ni anwani, programu yake ya simu ilimfundisha hivyo. Akatafuta anwani ya taka katika aya nzima, dakika nne zikapita. Kitabu hapa kinastahili sifa, kwa sababu nyuma kina orodha nzuri ya maneno ya aina hiyo, kila moja na maana yake ya pili na sentensi ya mfano. Ila nenda nayo polepole. Sisi tulichukua matano kwa wiki, na kila moja alilitungia sentensi yake mwenyewe.

Kuna pia mambo ya maisha ambayo hakuna orodha inayoyatosha. Habari moja ilihusu familia ya Marekani inayopanga vyombo vyake vya zamani uani ili majirani waje kununua. Binti alielewa kila neno na bado akaniuliza: ni maskini hao? Swali la nne lilikuwa kuhusu hisia za mama wa familia ile, na huwezi kulijibu kama unafikiri wamefilisika. Nilimweleza mitumba ya kwetu, jinsi mtu mwenye kazi nzuri anavyoweza kuamka alfajiri kwenda kuchagua shati. Maelezo ya kitabu yalisema tu: jibu liko aya ya tatu, mstari wa pili.

Sasa kosa lililoniudhi kweli. Wiki ya sita, siku ya tatu, jedwali la majibu linasema B, na maelezo ya swali hilohilo, kurasa chache mbele, yanaeleza kwa nini ni C. Ni C. Binti alikuwa amelifanya peke yake bwenini siku ya kazi, baada ya prepu ya usiku inayowafikisha saa nne. Alichagua C, akaangalia jedwali, akafuta. Jumapili alikuja na ukurasa umechanika kwa ufutio, na kifungu kizima kimejaa mistari ya kutafuta B iko wapi. Nilipomwonyesha maelezo alikaa kimya muda mrefu. Mtoto wa mwaka wa mwisho huku analala saa chache. Kumpotezea usiku kwa kosa la uchapaji si jambo dogo. Mchapishaji angeweka japo karatasi ya masahihisho. Tulikuta mawili mengine kabla hatujamaliza.

Ubora wa vifungu nao unapishana. Vile vilivyotoka mitihani ya miaka iliyopita ni vizuri, vina mwanzo, mgogoro na mwisho. Vile vya kubuni vinachosha. Kiingereza chake kimenyooshwa mpaka hakina uhai, na maswali yake ni mepesi au yana ubishi. Kama muda ni mfupi, fanya vya mitihani halisi, vimewekewa nyota. Mazoezi ya "saba chagua tano" ni machache, utahitaji kitabu kingine. Karatasi ni nyembamba, tumia penseli laini.

Vifungu kumi kwa wiki havikuwezekana. Tulifanya vinne, wakati mwingine vitatu. Nilimkubalia mama yake alipoogopa kwamba tunachelewa, kisha nikamwonyesha hesabu: mwezi wa nane binti alikuwa anapata maswali 6 au 7 kati ya 15, katikati ya mwezi wa kumi na mbili alikuwa anapata 12, na alikuwa anamaliza vifungu vyote vinne kwa dakika 32. Mwanzoni zilikuwa 45. Sisemi ni kitabu peke yake. Shule yake ilimfundisha mfululizo, na yeye ni mtoto anayejituma.

Kwa wazazi wenzangu Waswahili mlio huku na watoto shule za Kichina: kinafaa kwa mwaka wa pili au wa tatu wa sekondari ya juu, mtoto akishakuwa na maneno ya kutosha. Wa mwaka wa kwanza atakichukia. Maelezo yote ni ya Kichina, kwa hiyo msimtumie ndugu aliyeko Dar asiyesoma Kichina. Na mkae naye. Hata nusu saa ya kumsikiliza akisoma kwa sauti na kukueleza nani kafanya nini. Nakipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Alama za Januari zilitoka: 128 kati ya 150. Moko yake ya mwanzo wa mwaka wa masomo ilikuwa 103. Mama yake alinipigia simu nikiwa ghalani, akawa anaongea haraka kwa lahaja ya Yiwu hata nikashindwa kumfuata, nikamwelewa tu kwa sauti.

Kitabu kinaenda kwa binamu wa binti, aliyeko Hangzhou. Jumapili iliyopita tulikaa wawili na ufutio tukasafisha majibu yote ya penseli, mabano yakabaki kwenye wiki mbili za mwanzo ili mwenzake aone yanavyowekwa. Kwenye jedwali la wiki ya sita alichukua kalamu nyekundu, akaikata B, akaandika C, na pembeni yake kwa Kichina: usifute, ulikuwa sahihi.